Marehemu Aliyesema Ndiyo

Kwanza niapie. Weka mkono kifuani useme: sikusikia, sikuambiwa, na aliyeniambia simjui. Umesema? Basi sogeza kiti. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya watu wawili, na tangu siku ile tumbo limenijaa kama la ng'ombe aliyekula majani ya umande. Nisipotoa upepo nitakufa nao. Na wewe ni mtu wa siri kama mimi, najua.

Ni habari ya Theda Harms, mjane, yule wa nyumba ya mwisho kabla ya tuta la bahari.

Yalianza na jambo dogo ambalo mwingine angelipita. Jumanne moja ya Septemba, saa tisa alasiri, Theda alikuwa akimimina chai yake pale simu ya mumewe ilipolia mara moja ndani ya droo ya vijiko. Akavuta droo, akavaa miwani, akasoma: Bwana Harms, umetumia asilimia themanini ya data yako ya mwezi huu.

Bwana Harms alikuwa makaburini tangu Februari.

Theda hakuwa na kazi na simu ile ila kuichaji kila Jumapili. Aliposhika ilikuwa na joto, lile joto la yai linalotolewa chini ya kuku. Akajiambia mashine nazo huzeeka, zikaanza kuweweseka. Akairudisha kwenye vijiko, akanywa chai. Lakini kikombe cha pili hakukimaliza, na huku kwetu mtu asiyefika kikombe cha tatu ni mgonjwa au ana jambo.

Sasa utauliza, simu ya marehemu inachajiwa ya nini. Wiard, mumewe, alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka arobaini na minne ya ndoa, ukiyakusanya maneno yake yote hayajazi ndoo. Hakuimba, hakuhutubia harusi, hakutuma salamu. Alichoacha cha sauti ni video tatu za ng'ombe wa kuuza, alizowatumia wafugaji wenzake, na ile sauti inayojibu mtu akipiga asipopokelewa: hapa Harms, sipo, kama ni la maana sema. Basi kila asubuhi Theda alipiga namba ile kwa simu ya mezani, akasikiliza, akakata. Wengine huwasha mshumaa.

Na mkataba wa simu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

Kuongeza mkataba ni jambo la dakika tano, ndivyo barua ya kampuni ilivyosema. Theda akapiga. Mashine ikamkaribisha kwa sauti ya mwanamke asiye na mapafu: bonyeza moja, bonyeza nne, eleza shida yako kwa maneno machache.

"Nataka kuongeza mkataba," Theda akasema.

"Umesema unataka kununua simu mpya," mashine ikasema. "Ni sahihi?"

Akapigiwa zumari dakika arobaini, kisha simu ikakatika. Siku ya pili zumari, siku ya tatu zumari. Akavaa koti la kanisani, akapanda basi hadi mjini Leer, akaingia dukani kwao. Muuzaji, mwanamke mwenye kucha za kijani, alikuwa mwema kabisa.

"Mama, mkataba si wako, ni wa mzee. Kama yupo, athibitishe mwenyewe kwa simu na neno lake la siri. Kama amefariki, poleni, lete cheti cha kifo, namba tunaifunga siku hiyo hiyo na hulipi hata senti."

Alisema hivyo kama mtu anayekupa zawadi. Cheti kilikuwa ndani ya mkoba wa Theda, kimekunjwa mara nne. Akaufunga mkoba, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo alipokosea. Maana kesho yake, alipompata binadamu mwishoni mwa zumari, binadamu akauliza, "Mwenye mkataba yupo karibu?"

"Yupo," Theda akasema. "Yuko zizini."

"Anaweza kuja?"

"Ana mavi ya ng'ombe mpaka kiwikoni. Tutapiga tena."

Alisema hivyo mara ya kwanza. Akasema hivyo mara ya pili. Wazee wetu walikataza jambo hili, ingawa siku hizi hakuna anayekumbuka: usimtaje maiti kwenye kazi yake kama anayeifanya, maana kazi haipendi kukaa bila mtu. Na nyumba zetu unazijua, makao na zizi viko chini ya paa moja, na kati ya jiko na ng'ombe ni ujia mfupi na mlango mmoja wa mbao. Ng'ombe wenyewe walikwisha kuuzwa Machi, wote ishirini na watatu.

Mara ya tatu aliyepokea alikuwa binti mwenye subira.

"Anawe mikono tu, Bi Harms. Nitasubiri, muda ninao."

Theda akaibana simu kifuani. Akasimama hapo jikoni, akihesabu kichwani mtu asiyekuwepo anachukua muda gani kunawa. Na katika ule ukimya, nyuma ya mlango, ndoo ikaburutwa kwenye sakafu ya saruji. Bomba likafunguliwa. Maji yakatiririka kwa muda mrefu, yakikatikakatika kama yanavyokatika mtu anapopitisha mikono, kwanza viganja, kisha hadi viwikoni, kama Wiard alivyonawa kila siku ya maisha yake, kisha bomba likafungwa na kulia mara mbili.

Theda akakata simu.

Siku iliyofuata ukungu ulitoka mitaroni mapema na kuwameza ng'ombe wa jirani mmoja mmoja mpaka zikabaki pumzi zao tu. Theda alikuwa akimenya viazi aliposikia, nyuma ya mlango ule, kitu kikisema taratibu, kama mtoto anayejifunza irabu, "Ndi... ndi...", kisha kimya, kisha tena, kutoka pembe nyingine iliyo karibu zaidi, "ndiyo", nyembamba mno, kisha "ndiyo", nzito mno, kisha "ndiyo" ya mtu anayeuliza, na kila kilipokosea kilikohoa na kuanza upya, na katikati yake, kutoka droo ya vijiko, zile video za Wiard zilikuwa zikijifungua zenyewe, akiwaita ng'ombe, "njoo, mama, njoo", mara moja, mara kumi, mara hamsini, na kile cha zizini kikimfuatisha kila mara, mpaka saa ya ukutani ilipogonga kumi sauti zile mbili hazikuwa na tofauti tena, na Theda, kisu mkononi, ganda la kiazi likining'inia, akatambua kwamba amesogea hadi mlangoni na sikio lake limegusa mbao.

Simu ikalia ndani ya droo. Data yote imekwisha.

Tarehe mbili Oktoba ikaja barua. Tunakushukuru, Bwana Harms, kwa kuongeza mkataba wako miezi ishirini na minne, kama ulivyothibitisha mwenyewe kwa simu tarehe ishirini na tisa Septemba, saa tisa na dakika kumi.

Saa ile Theda alikuwa makaburini na wifi yake Tomma, wanapanda maua ya vuli juu ya huyo huyo Bwana Harms.

Akapiga kampuni, akasubiri zumari, akampata yule binti mwenye subira, akamwambia kwa unyonge kwamba mzee amesahau alichokubali. Binti akacheka kidogo. "Babu zangu nao wako hivyo. Hairuhusiwi, lakini sikiliza." Akamchezea.

"Mwenye mkataba?"

"Harms, Wiard."

"Neno la siri?"

"Elske."

"Unathibitisha miezi ishirini na minne?"

Pakapita pumzi ndefu, yenye maji ndani yake. Nyuma ya pumzi minyororo ya ng'ombe ikagongana, ya ng'ombe wengi.

"Ndiyo."

Theda akaketi sakafuni, simu bado sikioni. Lakini nitakwambia ambalo hata yeye hakumwambia mtu mpaka alipobanwa: ndani ya ule woga kulikuwa na tone la furaha. Namba ilikuwa hai. Asubuhi ile alipiga mara nne.

Baada ya siku tatu harufu ilimshinda. Ilikuwa harufu ya tope la mtaro linapochimbuliwa, nyeusi, baridi, na ilipita chini ya mlango wa zizi ikatulia kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye nywele zake. Akamwita jirani yake Gesche, akamfunga kwa kiapo, akamweleza. Gesche akaapa kwa mama yake. Kabla mkate wa Theda haujapoa Tomma alikuwa anajua yote, na kabla ya jioni walikwenda wawili kumchukua Bibi Foelke kwa gari.

Bibi Foelke ana miaka tisini na moja. Ananong'onezea magonjwa mpaka yapone: chunusi sugu, mkanda wa jeshi, moto wa kuungua, hata farasi asiyelala. Halipwi wala haombwi, na hashukuriwi, maana ukimshukuru dawa inarudi ilikotoka. Siku ile aliletwa jikoni kwa Theda, akakalishwa, sukari ya mawe ikalia ndani ya kikombe chake, akanywa vitatu bila neno. Kisha akaenda kwenye ule ujia, akaweka pua kwenye ufa wa mlango kama mbwa mzee.

"Wiard hayumo," akasema aliporudi. "Kuna jini la mtaro limevaa sauti yake, kama mtu anavyovaa koti la marehemu. Mikono mirefu, mabega hayakai."

"Limekujaje, bibi?" Tomma akauliza kwa kunong'ona.

"Liliitwa. Siku nyingi lilikuwa likimsikiliza Wiard kwenye simu ile, kisha likaitwa mara tatu."

Akamtazama Theda. Theda akatazama kitambaa cha meza.

"Na hilo Elske?" Gesche hakuweza kujizuia. "Ni nani huyo mwanamke?"

"Ni ng'ombe," Tomma akasema. "Alikufa tukiwa bado na miguu mizuri. Kaa kimya."

"Lilijuaje neno hilo?" Theda akauliza.

"Ng'ombe walilijua," Bibi Foelke akasema. "Zizi husikia kila kitu. Sasa nisikilizeni. Lingeingia kwa mlango, ningelitoa kwa mlango. Hili limeingia kwa mkataba. Iko wapi barua? Geuzeni nyuma, kwenye zile herufi za siafu, mnisomee, mimi macho sina."

Gesche akasoma, kidole kikifuata mstari. Mkataba uliokubaliwa kwa simu, mteja ana haki ya kuutengua kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu barua ifike, bila kutoa sababu.

"Ndiyo dawa," Bibi Foelke akasema. "Andika kwa mkono wako: naukataa mkataba huu, Wiard Harms amekufa. Tia cheti chake. Peleka posta kwa rejista, upewe risiti. Karatasi ikiondoka mkononi mwako, kitu kile hakina pa kusimama. Siku ya kumi na nne ikipita, kimekaa, na mimi msiniite."

"Na sauti?" Theda akauliza.

"Sauti gani?"

"Ile ya zamani. Ile yake ya kweli, inayojibu."

Bibi Foelke akamgusa mkono. "Namba ikifa, mwanangu, imekufa na vyote."

"Tuirekodi kwenye simu yangu, shoga, kwani shida iko wapi," Gesche akasema. Wakapiga namba, wakaweka simu kwa simu, wakarekodi. Walipocheza, haikuwa sauti. Ilikuwa matope yakitoa povu, polepole, kama kitu kinachopumua chini yake. Gesche akaifuta.

Basi Theda akaandika. Mkono wake haukuyumba hata kidogo, nao wote watatu waliona. Akatia cheti, akalamba bahasha.

"Nipe niipeleke mimi, wifi," Tomma akasema. "Napita posta."

"Ni mume wangu," Theda akasema. "Nitaipeleka mwenyewe kesho."

Mlangoni Gesche akafungua mdomo kumshukuru mganga, na Tomma akamkanyaga mguu kwa kisigino.

Kesho ilikuwa mvua. Keshokutwa Theda alivaa koti, akafika geti, akakumbuka kwamba hajasikiliza asubuhi ile, akarudi. Siku ya kumi alikaa kwenye kigoda katika ule ujia na bahasha mapajani, na nyuma ya mlango kile kitu nacho kilikuwa kimekaa, maana alisikia uzito wake ukiegemea mbao, na kwa mara ya kwanza kilisema naye, si maneno ya video wala ya kampuni, bali maneno ambayo Wiard hakuwahi kuyasema hai, kwamba chai yake ilikuwa nzuri, kwamba lile gauni la bluu la mwaka wa kwanza alikuwa analikumbuka, kwamba aliogopa kule zizini Februari na alimwita na hakusikika, na Theda alijua ni uongo, alijua kama anavyojua jina lake, na machozi yalimtoka hata hivyo na hakuondoka mpaka kukawa giza na miguu yake imekufa ganzi.

"Watanigundua," kilisema. "Wana orodha za wafu. Hamishia mkataba kwenye jina la aliye hai, nami nitakaa."

"Utataka nini?"

"Sitaki kitu. Sema jina lako, sema tarehe yako, kisha ndiyo."

Theda alikwenda jikoni, akamimina kikombe, akafungua mlango kiasi cha mkono kupita, akakisukuma kwenye saruji. Baadaye kikarudi kitupu.

Siku ya kumi na nne walikuja watatu saa tisa, Tomma, Gesche na Bibi Foelke, na keki ya zabibu, kwa nia ya kunywa chai ya kuagana na balaa. Posta ya kijiji inafungwa saa kumi na moja.

"Umeipeleka?" Tomma hakungoja hata kuvua koti.

"Jumatatu."

"Na risiti?"

"Ipo kwenye mkoba. Kaeni, wifi, mnaniuliza kama polisi." Akamimina. Sukari ikalia. Akatazama mezani. "Malai ya maziwa yamebaki kule kwenye baridi. Nakuja."

Akatoka kwa ujia. Wakakaa. Chai isiyo na malai hainywewi, basi wakatazama vikombe vikitoa mvuke. Gesche akaanza habari ya binti wa mchungaji akaishia njiani. Mvuke ukapungua.

"Mkoba wake si ule pale?" Bibi Foelke akasema.

Ulikuwa juu ya kiti, mdomo wazi. Tomma akautazama ndani bila haya: leso, funguo, dawa ya kikohozi. Risiti hakuna. Na hapo wote watatu waliisikia ile harufu, haikupita tena chini ya mlango bali ilikuja wazi, kama kaburi la bahari lililofunguliwa, na pamoja nayo, mbali kidogo, ule mlio wa minyororo ya ng'ombe ishirini na watatu wasiokuwepo, na katikati ya minyororo sauti ya mwanamke ikiongea kwa adabu kama mtu aliye dukani. Tomma akanyanyuka, Gesche akamshika sketi, Bibi Foelke akashika sketi ya Gesche, wakaenda hivyo hivyo wakivutana kama watoto wa chekechea mpaka mwisho wa ujia, na Tomma akasukuma mlango kwa mguu.

Theda alikuwa amesimama katikati ya zizi, mgongo kwao, mikono ya sweta imelowa hadi viwikoni. Ile bahasha ilichungulia kwenye mfuko wa aproni, haina hata stempu. Kando ya miguu yake vilipangwa vikombe, seti nzuri yote ya harusi, kila kimoja na chai ndani, na chai yote ikitikisika juu kama kuna anayeipuliza. Simu ya Wiard ilikuwa mkononi mwake, imewashwa spika.

"Jina kamili?" binti wa kampuni aliuliza.

"Harms, Theda."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Akaitaja.

"Wifi," Tomma akasema kwa sauti ndogo. "Wifi, usiseme."

Theda akageuka. Aliwaona wote watatu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya sanduku la sadaka.

"Unathibitisha kuchukua mkataba huu?"

"Ndiyo," Theda akasema, huku akiwatazama.

Minyororo ikanyamaza. Tomma akamfikia, akampokonya bahasha, akaipunga hewani mbele ya macho yake. "Umefanya nini? Hebu niambie umefanya nini, ewe mwanamke."

Theda akafungua mdomo kujibu. Midomo ilikwenda, ulimi ulikwenda, mishipa ya shingo ilisimama. Hakikutoka kitu, hata pumzi. Akashika koo lake kwa mikono miwili, na simu ikaanguka kwenye majani makavu, uso juu, ikiwaka.

"Hongera, Bi Harms," binti wa kampuni alisema kutoka pale chini. "Kuna lingine?"

"Lipo, mwanangu," ikajibu sauti ya Theda kutoka ndani ya simu, changamfu, yenye chai tumboni. "Hizo laini za ziada za familia, mnatoa ngapi? Maana nina wifi yangu Tomma, nina jirani Gesche, na kuna bibi mmoja wa miaka tisini na moja. Wote wako hapa mbele yangu."